Mwongozo wa ukurasa mmoja: jinsi ya kuwaandikia waundaji programu

Programu inayotumika kulipia maegesho au leseni ya biashara mara nyingi hudumu kuliko mkataba wa aliyeiunda. Kijana aliyeiandika huhamia kazi nyingine, na anayebaki huachiwa maelfu ya mistari ya msimbo pamoja na kitabu kinene cha maelezo. Mfumo ukigoma asubuhi huku foleni ikiwa dirishani, hana nafasi ya kusoma kitabu. Anahitaji karatasi moja inayojibu swali lake papo hapo.

Karatasi hiyo ndiyo mwongozo wa haraka. Haifundishi somo kuanzia mwanzo. Humkumbusha anayejua kazi jambo ambalo limemtoka akilini. Wakazi wanaojifunza kuunda programu katika vyuo vya ufundi au nyumbani wanaweza kuanza kuiandika mapema, kwani ni ujuzi unaotakiwa popote watakapoajiriwa.

Utamaduni wenye mizizi

Mfumo wa Unix ulipata kitabu chake cha kwanza cha mwongozo mwaka wa 1971. Kila amri ilielezwa kwa mpangilio uleule: jina, namna ya kuiandika, kisha maelezo. Siku hizi mradi wa tldr-pages, unaoendeshwa na watu wa kujitolea, umefupisha zaidi: kila amri hupewa mifano michache ya matumizi ya kawaida.

Chukua mfano wa Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005. Ina amri zaidi ya 100, lakini kazi za kila siku hazihitaji hata 15. Mwandishi wa mwongozo ana kazi ya kuchagua hizo chache na kuacha nyingine zote.

Hatua za kufuata

1. Panga kwa kazi, si kwa alfabeti. Mtu aliyekwama hatafuti neno “restore”. Anajiuliza, “Nimeharibu faili, nitairudishaje?” Andika swali hilo upande wa kushoto na jibu upande wa kulia: git restore jina-la-faili.

2. Toa mfano kamili. Msomaji aweze kuunakili na kubadilisha neno moja au mawili tu. Sehemu ya kubadilisha ionekane wazi.

3. Onyo litangulie amri. Katika hifadhidata, amri ya DELETE isiyo na sharti la WHERE hufuta safu zote za jedwali. Katika Git, amri ya git push --force inaweza kufunika kazi ya wenzako, ilhali --force-with-lease hukataa ikiona kuna kazi mpya ambayo hujaichukua. Onyo likiwekwa chini ya amri, msomaji mwenye haraka atakuwa amekwisha kubonyeza.

4. Andika mambo ya hapa kwetu. Hayapatikani katika miongozo ya ng’ambo, na ndiyo huleta hasara. Namba moja ya simu huandikwa kwa 07, kwa +254 au kwa 254. Taja ni muundo upi mfumo unaupokea. Kumbusha pia kwamba zipo laini zinazoanza na 01. Mfumo unaokubali 2547 pekee utawakataa wenye laini hizo wanapotaka kulipa.

Saa nazo zina mtego. Kompyuta nyingi za kuhifadhi data hutumia saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Malipo yaliyofanywa saa saba na nusu usiku, tarehe 1 Julai, yatasomeka kuwa ya tarehe 30 Juni. Kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, risiti hiyo itahesabiwa katika mwaka uliopita. Mstari mmoja katika mwongozo huzuia kosa hilo.

5. Siri zisiingie. Nenosiri, funguo za mfumo na majina ya wateja halisi havina nafasi katika karatasi inayobandikwa ukutani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Tumia mifano ya kubuni, na ueleze ni ofisa wa cheo gani anayetoa ruhusa.

6. Weka tarehe na toleo. Amri ya git restore, kwa mfano, ilianza katika toleo la 2.23 la mwaka wa 2019. Kwenye kompyuta yenye toleo la zamani haitafanya kazi, na msomaji atadhani kosa ni lake.

Jaribio la mwisho

Mpe karatasi mwenzako ambaye hakushiriki kuiandika, kisha umtajie tatizo moja. Usimsaidie. Akikuuliza swali, jibu lake ndilo lililokosekana katika karatasi. Akipita mstari bila kuutumia katika majaribio kadhaa, mstari huo huenda unastahili kuondolewa.

Mwongozo mzuri huonekana mdogo, lakini faida yake hufika mbali na meza ya aliyeuandika. Muundaji programu akipata jibu kwa dakika moja, mwenye duka aliye kwenye foleni hupata leseni yake siku hiyohiyo.