KODI IKICHELEWA, FAINI NI KIASI GANI?



Watu wengi wa vijiji vyetu vya Momba na Mbozi wanakwenda Tunduma kutafuta riziki. Wengine wanauza nafaka. Wengine wanabeba mizigo mpakani, au wanawapikia madereva wa malori yanayovuka kwenda Zambia. Wote hao wanapanga vyumba. Na baadhi yetu tumejenga vyumba Tunduma, Vwawa na Mlowo, nasi tunapangisha.

Basi kuna jambo linaloleta ugomvi. Kodi imechelewa. Mwenye nyumba anasema, "Lete kodi pamoja na faini." Mpangaji anashangaa, "Faini gani tena?" Je, nani ana haki?

SHERIA INASEMAJE?

Zamani tulikuwa na sheria ya mwaka 1984 iliyosimamia kodi za nyumba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Siku hizi, kwa Tanzania Bara, hakuna sheria inayopanga kiasi cha faini kwa mpangaji wa nyumba ya kuishi aliyechelewa. Jambo hilo ni la mapatano kati ya watu wawili, yaani mkataba.

Kwa hiyo mwenye nyumba hawezi kubuni faini siku ile kodi ilipochelewa. Kama hamkupatana mwanzoni, anadai kodi yake tu. Lakini mpangaji naye asifurahi bure. Deni la kodi liko pale pale.

Na kama mlipatana? Hapo tusome Sheria ya Mikataba, kifungu cha 74. Kinasema kwamba aliyevunjiwa mkataba atapata fidia ya haki, isiyozidi kiasi kilichoandikwa. Maana yake, kiasi kilichoandikwa ni mpaka wa juu. Mahakama ikiona ni kikubwa mno, inaweza kutoa kidogo zaidi.

TUPIGE HESABU

Tuseme chumba ni Sh. 30,000 kwa mwezi. Mkataba unasema faini ni Sh. 2,000 kwa kila siku. Mpangaji amechelewa siku 20.

2,000 x 20 = 40,000.

Ala! Faini imeizidi kodi yenyewe! Aliyetia dole gumba bila kusomewa mkataba hakuliona hilo. Sisi tuliojifunza kusoma tusikubali kuingia shimo hilo. Tusome kwanza, tupige hesabu, ndipo tutie sahihi.

Mapatano mazuri yanaweza kuandikwa hivi: "Kodi italipwa kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi. Ikipita tarehe 15, mpangaji ataongeza Sh. 1,500, mara moja tu kwa mwezi huo." Hapo kila mtu anajua anachodaiwa. Andikeni kwa shilingi, si kwa kwacha, kwa sababu tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza malipo ya humu nchini kwa fedha za kigeni.

Kama fedha yako inatokana na kahawa, sema mapema. Patana siku ya kulipa inayofuata mauzo yako.

MWENYE NYUMBA ASIFUNGE MLANGO

Tunajua wako wajane na wazee wanaoishi kwa kodi ya vyumba viwili vitatu. Kodi ikichelewa, nao wanalala njaa. Hata hivyo, kuweka kufuli, kung'oa bati au kutupa vyombo vya mtu nje na watoto wake si njia ya sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mpangaji apewe kwanza notisi. Naye mpangaji anaweza kuiomba mahakama impe nafuu.

Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji. Halafu liko Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha, halihukumu. Likishindwa kusuluhisha katika siku 30, shauri linaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

TUFANYE NINI?

Mpangaji: ukiona utachelewa, mwambie mwenye nyumba kabla ya tarehe kufika. Usijifiche. Ukilipa, dai stakabadhi. Ukilipa kwa simu, usifute ule ujumbe.

Mwenye nyumba: andika mkataba nakala mbili, moja yako na moja ya mpangaji. Wawepo mashahidi. Ukipokea fedha, andika tarehe na kiasi.

Daftari la shule linatosha kwa kazi hiyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi ndugu zetu, leo jioni utoe mkataba wako wa chumba uusome tena, neno kwa neno. Kama huna mkataba, nenda kazungumze na mwenzako mwandikiane kabla ya mwezi kwisha.