MOSHI WA TREKTA: SHAHIDI ASIYEFAA KUAMINIWA UPESI

Najua kuna watakaouliza, "Jamani, trekta na Chama cha Kiswahili wapi na wapi?" Tulieni kidogo. Wengi wetu humu shuleni karo yetu hutoka shambani, na shamba lenyewe hulimwa na trekta. Ikiwa tunaweza kuchambua riwaya kwa Kiswahili, basi hata moshi wa injini tutauchambua.

Likizo ya Aprili mwaka jana nilikuwa kwa mjomba wangu, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Mjomba ana trekta kuukuu analolimia majirani kwa malipo. Miaka yote alikuwa akinunua dizeli kwenye kituo cha mafuta. Msimu huo alipata mtu aliyeuza dizeli kwa mitungi ya plastiki kando ya barabara, tena kwa bei nafuu. Siku ya kwanza tulipotia mafuta hayo nilishangaa. Ule moshi mweusi tuliozoea kuuona trekta likipanda mlima ulipungua sana! Mjomba akacheka, akaniambia:

"Unaona, mpwa wangu? Haya ndiyo mafuta safi. Siku zote tumekuwa tukiuziwa masizi."

Nami nikaamini. Kumbe tulikuwa tukidanganywa na moshi.

Kabla ya mwezi kwisha, trekta likaanza kukataa kuwaka asubuhi. Likiwaka, linatoa moshi mweupe wa kuwasha macho, kisha likipewa plau linatoa moshi mweusi tititi. Mwishowe likazima katikati ya shamba la mama mmoja, mvua inanyesha na mbegu zake ziko tayari ndani ya gunia. Fundi alipoifungua pampu ya dizeli alitikisa kichwa. "Mzee," akamwambia mjomba, "hii pampu imekunywa mafuta ya taa." Trekta likalala siku kumi na moja. Majirani wakatafuta trekta lingine. Shamba la mjomba lilipandwa mwisho wa yote, na binamu yangu alirudi shuleni wiki mbili baada ya wenzake kwa sababu ya karo.

Swali lililonikaa moyoni ni hili: ikiwa mafuta yalikuwa mabaya, mbona moshi ulipungua? Nilimwuliza fundi, nikamsumbua mwalimu wetu wa fizikia, nikasoma vitabu. Haya ndiyo niliyoyapata.

DIZELI HUWAKAJE?

Injini hii ilibuniwa na Mjerumani aitwaye Rudolf Diesel. Aliomba hataza yake mwaka 1892, na injini iliyofanya kazi vizuri ikapatikana mwaka 1897. Tofauti na injini ya petroli, hii haina plagi ya kutoa cheche. Hewa huvutwa ndani ya silinda, kisha pistoni huishindilia mpaka inabaki nafasi ndogo, kama sehemu moja ya 16 au hata moja ya 20 ya nafasi ya kwanza. Wewe uliyewahi kutia baiskeli upepo unajua jinsi pampu inavyopata joto. Ndani ya silinda joto hupita nyuzi 500 za selsiasi. Hapo nozeli hupuliza dizeli kama ukungu, na ukungu huo ukikutana na hewa moto huwaka wenyewe.

Sasa zingatia jambo hili: moto hula hewa. Ili lita moja ya dizeli iungue yote, huhitaji hewa kama lita 10,000, yaani mapipa 50 ya lita 200. Hiyo ni hewa ya Mombasa, karibu na bahari. Eldoret iko mita kama 2,100 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano. Kwa hiyo lita ile ile huku kwetu yataka mapipa zaidi ya 60. Lakini silinda haikuongezwa ukubwa! Ndiyo maana trekta lisilo na taba, yaani kile chombo cha kuisukumia injini hewa zaidi, hutoa moshi mweusi kwa urahisi huku nyanda za juu hata kama dizeli yake ni nzuri.

RANGI TATU ZA MOSHI

Moshi mweusi ni masizi, yaani kaboni ambayo haikuungua. Ama mafuta yamezidi, ama hewa imepungua, ama nozeli haipulizi ukungu bali inadondosha matone. Moshi mweupe ni mvuke wa dizeli ambayo haikuwaka kabisa, au mvuke wa maji. Aghalabu huonekana injini ikiwa baridi. Moshi wa buluu ni oili ya injini inayoungua, labda kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Huo wa buluu kwa kawaida si kosa la dizeli, kwa hivyo leo tuuache.

DIZELI IKIBADILIKA, MOSHI NAO HUBADILIKA

Kwanza, mafuta ya taa. Hapa ndipo mjomba aliponaswa. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu kama 840, ilhali lita ya mafuta ya taa ni kama gramu 800. Pampu ya trekta hupima mafuta kwa ujazo, haipimi kwa uzito. Ukichanganya mafuta ya taa, kila pigo la nozeli hupeleka mafuta mepesi zaidi. Hewa ile ile sasa inatosha, masizi yanapungua, na moshi unakuwa hafifu. Lakini nguvu nazo zinapungua! Kwa kweli tulikuwa tumeona kwamba trekta linahitaji gia ndogo zaidi kupanda mahali lilipokuwa likipanda bila taabu. Tuliliona jambo hilo tusilitilie maanani, maana macho yetu yalikuwa kwenye moshi.

Ubaya mkubwa zaidi hauonekani. Katika matrekta mengi ya kizamani, pampu haina oili yake ya kulainisha vyuma vya ndani, bali hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa hayana utelezi wa kutosha. Vyuma vikasuguana, vikakwaruzika, na vumbi la mitungi ile likaongeza madhara. Nozeli zikaanza kudondosha. Tone kubwa haliungui lote, hivyo moshi mweusi ukarudi kwa kishindo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Walisema pia kwamba rahisi huvunja upishi.

Uchanganyaji huu si jambo geni nchini. Mnamo Septemba 2018, serikali ilianza kutoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi bei yake isiachane mno na ya dizeli na tamaa ya kuchanganya ipungue. Isitoshe, mafuta ya taa hutiwa kemikali ya alama ambayo jicho halioni lakini kipimo cha wakaguzi hugundua. Hatua hizo ni njema. Hata hivyo, hakuna mkaguzi aliyekuwa amesimama pale kando ya barabara wakati mjomba alipokuwa akijaza tangi.

Pili, salfa. Dizeli ina salfa kiasi fulani, na ikiungua hutoa gesi kali na chembechembe ndogo, tena huweza kutengeneza asidi inayoharibu oili na vyuma vya injini. Tangu tarehe 1 Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango kipya cha salfa, sehemu 50 katika kila sehemu milioni moja. Hapa Kenya kiwango cha awali kilikuwa sehemu 500. Hilo lilisafisha moshi, lakini sikiliza vizuri: masizi ni kaboni, si salfa. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba dizeli ya siku hizi haiwezi kutoa moshi mweusi, mwambie aje aone trekta lenye chujio la hewa lililoziba! Jambo lingine ni kwamba dizeli ikiondolewa salfa hupoteza utelezi wake wa asili, ndipo kampuni zikaitia dawa ya kuurudisha. Anayeichanganya na mafuta ya taa huipunguza nguvu dawa hiyo pia.

Tatu, wepesi wa kuwaka. Wataalamu huupima kwa nambari iitwayo seteni. Dizeli yenye seteni kubwa huwaka mara tu inapopulizwa. Yenye seteni ndogo huchelewa, na asubuhi ya baridi sehemu yake hutoka bila kuungua. Hapo utaona moshi mweupe na kusikia injini ikigongagonga. Injini ikipata joto, moshi huo hutoweka. Usipotoweka, tafuta sababu nyingine.

Nne, maji. Tangi likilala nusu tupu usiku wa baridi, unyevu wa hewa iliyomo ndani hugeuka matone kama umande. Maji hayo huzama chini ya dizeli, huleta kutu na kuifanya injini ikohoe na kutoa moshi mweupe. Dawa yake ni rahisi: jaza tangi jioni baada ya kazi, si asubuhi, na umwage maji yanayokusanyika kwenye chujio.

Tano, mafuta ya mimea. Hili si jambo la jana wala juzi. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga. Mafuta ya mimea yaliyobadilishwa kwa kemikali kuwa dizeli huwa na oksijeni ndani yake, kama asilimia 11 ya uzito wake. Kwa kuwa yanakuja na sehemu ya hewa yake, hutoa masizi machache, ingawa nguvu hupungua kidogo. Lakini usije ukachukua mafuta ya kupikia ukamimina kwenye tangi! Hayo ni mazito, hayapulizwi vizuri, na huacha gamba kwenye nozeli.

TUMHOJI VIPI SHAHIDI HUYU?

Bila shaka umeona sasa kwamba moshi kupungua si lazima iwe habari njema, wala moshi kuongezeka si lazima iwe kosa la mafuta. Fundi alitufundisha kuuliza maswali haya kwa utaratibu.

La kwanza: moshi ulibadilika lini? Ukibadilika siku ile ile uliyobadilisha mafuta, shuku mafuta. Ukibadilika polepole kwa wiki kadhaa, angalia chujio la hewa na nozeli.

La pili: nguvu zikoje? Moshi ukipungua na nguvu zikabaki zile zile, shukuru Mungu. Moshi ukipungua pamoja na nguvu, simamisha kazi uyachunguze mafuta.

La tatu: moshi unaonekana wakati gani? Tazama mara tatu: injini ikiwa baridi, ikiwa na joto bila kazi, na ikivuta plau. Rangi ya asubuhi peke yake haitoshi kutoa hukumu.

La nne: mafuta yenyewe yanaonekanaje? Weka kiasi kidogo ndani ya chupa safi ya kioo, uiache hadi kesho yake mbali na moto na watoto. Maji na uchafu vitatua chini. Mafuta ya taa, hata hivyo, hayatajitenga. Kinga yake ni kununua mahali panapojulikana na kuweka risiti.

Tena, ndugu zangu, tusiuchezee moshi wenyewe. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Usiwashe trekta ndani ya banda lililofungwa. Wala usifyonze dizeli kwa mdomo kupitia mpira, kama ninavyowaona wenzetu wengi wakifanya, maana ikiingia mapafuni ni hatari kubwa.

Mjomba sasa amerudi kununua kituoni. Bandani mwake tumetundika daftari langu moja la shule. Kila akijaza mafuta, huandika tarehe, lita, mahali alikonunua, na rangi ya moshi mara tatu. Mwanzoni aliona ni mchezo wa watoto. Siku moja mwezi wa Agosti alinipigia simu akasema, "Mpwa wangu, daftari linaniambia moshi umekuwa ukizidi weusi polepole tangu wiki tatu zilizopita." Nikamwuliza kama mafuta yalikuwa yamebadilika. Hapana. Akafungua chujio la hewa, akalikuta limejaa vumbi la msimu wa kiangazi. Akalisafisha, na kazi ikaendelea siku hiyo hiyo.

Nawaomba wanachama wenzangu mnaotoka mashambani mwakusanye maneno wanayotumia mafundi na madereva wa kwenu, mkayalete chamani tuyajadili. Mimi nimeanza na haya machache: masizi, nozeli, taba, ringi. Wewe una lipi?

Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu