Betri, Balbu na Oili Chafu: Zikitoka Nyumbani Zinaenda Wapi?

Kiroba cha taka cha nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam hujaa maganda ya ndizi, mabaki ya ugali na chupa za plastiki. Vitu vya hatari humo ni vichache: betri za rimoti, balbu iliyoungua, kopo lenye dawa ya mende iliyobaki, vidonge vilivyopitwa na muda. Kwa uchache wake havimshughulishi mtu, navyo huingia kiroba kimoja na maganda. Kumbe madhara ya taka hatarishi hayategemei sana wingi wake. Yanategemea tunavyozitendea: tukizichanganya, tukizichoma au tukizimwaga.

Tuanze na kuchanganya. Taka zinazooza hutoa maji yenye tindikali. Maji hayo hula ganda la betri taratibu, kisha hubeba metali zilizomo hadi ardhini. Kabla hata ya kufika huko, kiroba hupita mikononi mwa mzoa taka, na dampo kama la Pugu Kinyamwezi lina waokotaji wanaochambua kwa mikono. Betri ya simu nayo, ya lithiamu, ikibanwa au kutobolewa ndani ya gari la taka inaweza kuwaka moto.

Kuchoma ndiko kunakopendwa zaidi, hasa mitaa isiyofikiwa na gari. Lakini moto wa uani hupunguza lundo tu, metali haiteketei. Zebaki hupanda na moshi, risasi hubaki kwenye majivu, na majivu hayo pengine huishia kwenye tuta la mchicha. Nyaya na plastiki za PVC zikichomwa kwa moto hafifu hutoa dioksini, sumu inayodumu mwilini kwa miaka.

Kumwaga hufanyika zaidi kwenye magari. Betri ya gari iliyokufa haitupwi, kwa sababu ina bei: zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na wanunuzi wa vyuma chakavu huitafuta. Kasoro ni pale tindikali inapomwagwa chini na betri kupasuliwa uani. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulionyesha risasi inavyoweza kuwaumiza watu. Kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri jirani na makazi kilifungwa mwaka 2014, watu wakiwa wameshaathirika, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, uamuzi huo ulitenguliwa katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo betri iuzwe ikiwa nzima, na maji yake yakiwa ndani.

Oili chafu nayo ina wateja: hupakwa nguzo za uzio kuzuia mchwa, au humwagwa barabarani kutuliza vumbi. Mvua ikinyesha, huelekea mtaroni na kisimani. Anayebadilisha oili nyumbani aikusanye kwenye dumu lenye kifuniko, asiichanganye na petroli wala maji, aipeleke gereji inayokusanya.

Balbu za tyubu na enaji seva zina zebaki kidogo. Mojawapo ikivunjika, watoe watoto chumbani, fungua madirisha na usubiri dakika 5 hadi 10. Usitumie ufagio, maana hutawanya zebaki. Zoa vipande kwa karatasi ngumu, okota chembe kwa selotepu, kisha weka vyote kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko.

Hatari iliyo karibu zaidi ni kuhamisha kemikali. Mafuta ya taa au dawa ya wadudu ikitiwa kwenye chupa ya soda, mtoto hunywa akidhani ni soda. Kila kitu kibaki kwenye chombo chake chenye lebo. Betri ndogo za saa zifungwe mbali na watoto: ikimezwa, inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili.

Tufanye nini basi? Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zisizo za hatari zitenganishwe, zinazooza na zisizooza. Nyumbani tuongeze chombo cha tatu, kidogo, kikavu, chenye kifuniko, kiwekwe juu wasikofika watoto. Betri na balbu za mwaka mzima za nyumba nyingi zitaenea humo. Kwa vidonge vya zamani, uliza kwanza kwenye duka la dawa au hospitalini kama wanavipokea.

Chombo hicho hakina maana kisipokuwa na pa kumwagwa, na hapo juhudi za familia hugota. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezipa serikali za mitaa na halmashauri wajibu wa kusimamia taka ngumu. Mtaa unaweza kuweka pipa moja ofisini na kukubaliana siku za kulikabidhi kwa mwenye kibali cha taka hatarishi. Kwa hiyo kwenye mkutano wa mtaa, ada ya taka inapojadiliwa, wakazi waulize nani anapokea betri na oili zetu, ana kibali gani, na anazipeleka wapi. Asipotajwa kwa jina, ada hiyo inalipia kuhamisha sumu kutoka uani kwetu kwenda kwa jirani wa dampo.