Kabla hujamlipa fundi wa programu, peleka karatasi sokoni

Leo tuwaache viwavijeshi wapumzike kidogo. Siku hizi swali ninalokutana nalo sana kwa vijana ni hili: "Bwana shamba, tunataka programu ya simu, wateja waagize wenyewe, dalali tumpunguze. Tuanzie wapi?" Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba wengi wanaanza kwa kumlipa fundi, halafu ndo wanamtafuta mtu wa kuitumia. Hivi wewe ungepanda mbegu mpya ekari kumi bila kuijaribu hata kwenye kipande kidogo?

Shamba la majaribio la programu ni karatasi. Kata vipande vya ukubwa wa kioo cha simu, chora kwenye kila kipande ukurasa mmoja wa menyu, kisha mpelekee mteja wako wa kweli pale pale anapofanyia kazi. Mmoja wenu awe "simu": mteja akigusa au akitaja namba, anabadilisha karatasi. Mwingine aandike anachokiona. Basi. Huhitaji bando wala umeme.

Kikundi kimoja cha vijana wa nyanya katika kata ninayohudumia kilifanya hivyo. Walitaka menyu ya nyota na alama ya reli, kwa kuwa wateja wao ni mama ntilie na wenye magenge, na wengi wanatumia kitochi. Karatasi ya tatu iliandikwa "Weka kiasi kwa kilo". Mama ntilie mmoja akasema 2. Kilo mbili za nyanya kwa mtu anayelisha mafundi ujenzi mtaa mzima? Kumuuliza, akajibu, "Sado mbili, mwanangu. Mimi mizani natoa wapi?"

Karatasi iliyofuata ilikuwa nzito zaidi: "Saa ya kupokea mzigo". Akasema 11. Yeye alimaanisha saa kumi na moja alfajiri, kabla hajabandika sufuria. Lakini mfumo ambao fundi angeutengeneza ungeisoma 11:00, yaani saa tano asubuhi. Tofauti ya saa sita! Nyanya zingefika mchuzi umeshaiva, mama ameshanunua kwa dalali, na kwenu asingeagiza tena. Na nani angelaumiwa? Kijana wa pikipiki, bila shaka.

Marekebisho yalikuwa ya penseli na kifutio tu: chagua sado, ndoo au tenga, chagua alfajiri, asubuhi au jioni. Kama fundi angekuwa ameshamaliza kazi, hapo mngekuwa mnalipa mara ya pili.

Watu wangapi wanatosha? Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kuibua sehemu kubwa ya matatizo. Alikadiria karibu asilimia 85. Ukiwa na watu 15, ni heri uwagawe mara tatu, watano watano, na kila duru urekebishe kwanza. Ila wawe watu wa aina moja. Kama programu itatumiwa na mama ntilie na pia na madereva wa mzigo, kila kundi lijaribiwe lenyewe.

Sasa jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi sana: watu wetu wana adabu. Ukimwuliza mama, "Umeipenda?" atakwambia nzuri sana, Mungu awabariki. Hajakusaidia. Msalimie vizuri, mwambie kinachopimwa ni karatasi, siyo yeye, kisha mpe kazi: "Mama, kesho unapika wali wa watu wako wa kawaida. Agiza nyanya." Usitumie maneno yaliyomo kwenye menyu, utakuwa umemfunulia majibu. Akikwama, nyamaza. Najua ni vigumu, mkono unawasha kumwonyesha. Akikuuliza abonyeze wapi, mrudishie: "Kama nisingekuwepo ungefanyaje?" Pale alipokwama ndipo kazi yako ilipo. Soda mnunulie mkishamaliza.

Kuna faida nyingine, mtumiaji anaweza kukuonyesha biashara ambayo hukuiwaza. M-Pesa ilianza majaribio Kenya Oktoba 2005, Nairobi na Thika, ikiwa na wateja wasiozidi 500. Lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, wengine wakaifanya sanduku la kuhifadhia mauzo usiku, wengine wakaweka pesa mwanzo wa safari na kuzitoa walikofika. Ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikotangulizwa, siyo mikopo. Kwa hiyo mteja akitumia karatasi yako "vibaya", usikimbilie kumsahihisha. Andika kwanza.

Karatasi ina mipaka yake. Haikuonyeshi mtandao ukisumbua, wala menyu inayokatika kwa sababu mtu alikawia akitafuta miwani. Ukurasa mmoja wa menyu hizo pia haubebi zaidi ya herufi 182, nafasi zikiwemo, kwa hiyo hesabuni maneno tangu kwenye karatasi. Fundi akishatoa toleo la kwanza, wapeni wateja watano waagize mzigo wa kweli kwa wiki moja, kwa simu zao wenyewe, zile zenye kioo kilichopasuka na vitufe vilivyofutika. Daftari la zamani la oda liendelee kuandikwa sambamba, ili oda ikipotea kwenye simu mama asikose nyanya.