Fahamu: Jinsi makala yanavyosafiri kutoka miteremko ya Mlima Kenya

Mwandishi akaaye Kieni, katika kaunti ya Nyeri, aghalabu huwa na mengi ya kuwaarifu walimwengu, ilhali intaneti humfikia kwa uchache, kwa sababu minara hujengwa penye wateja wengi, na mabonde na misitu ya mlima huzuia mawimbi yasafiriyo kwa mstari ulionyooka.

Mwaka 2013 kampuni ya Microsoft, pamoja na washirika wake, ilianzisha karibu na Nanyuki mradi wa Mawingu, uliotumia masafa ya televisheni yasiyokuwa na matangazo. Nayo masafa hayo, kwa kuwa mawimbi yake ni marefu kuliko ya Wi-Fi ya kawaida, hufika mbali zaidi na hupenya majani ya miti kwa wepesi, na umeme wa mitambo ukapatikana kwa jua. Shule ya sekondari ya Gakawa ilikuwa miongoni mwa zilizounganishwa, jambo ambalo kwangu lina thamani kubwa, kwani mwanafunzi wa kijijini ana haki ya kusoma na ya kusomwa.

Tangu Julai 2023 yako pia mawasiliano ya setilaiti ya Starlink, ijapokuwa gharama ya kifaa bado ni nzito kwa mkulima mdogo.

Hata hivyo, maandishi yenyewe ni mepesi mno: makala ya maneno 1,000 huchukua takriban kilobaiti 10 au pungufu, hali picha moja ya simu yaweza kuzidi megabaiti 3. Kwa hiyo yafaa kuandika kwanza bila mtandao, kuzipunguza picha, kisha kuituma kazi alfajiri, watumiaji wawapo wachache.