Gemu ya 'Bure' Inaweza Kukugharimu

Umetumiwa linki ya gemu ya bure kwenye grupu? Tulia kwanza. Desemba 2020, Cyberpunk 2077 ilipotoka, walaghai walisambaza gemu bandia ya Android yenye jina hilo. Gemu halisi haikuwa hata na toleo la simu! Ukiipakua ile bandia, ilifunga faili zako, kisha ikadai dola 500 kwa Bitcoin.

Kwa hivyo:

- Pakua gemu kutoka Play Store au App Store pekee.
- Gemu ikiomba ruhusa ya kusoma SMS, kataa. Huko ndiko nambari zako za kuthibitisha malipo huingia.
- Ushaipakua? Zima data, ifute, badilisha PIN, kisha utupigie mara moja.

Na kumbuka, hatutawahi kukuuliza PIN yako.