Baraza, Daka na Kiwanda: Nyumba za Mawe za Pwani na Ukarabati wa Makazi ya Leo

Ukarabati wa nyumba katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki huanzia mara nyingi dukani, kwenye vigae, rangi na mapambo ya jipsamu, ilhali kinachomsumbua zaidi mkazi wa pwani ni joto lenye unyevu ambalo vitu hivyo haviliondoi na pengine huliongeza. Tatizo hilo si jipya. Mafundi waliojenga Lamu, mji ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, pamoja na wale wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa mwaka 2000, walilishughulikia kwa karne nyingi bila umeme, na anayetaka kuiboresha nyumba yake leo, hata ikiwa ni ya matofali ya saruji na mabati, ana mengi ya kujifunza kutokana na jinsi walivyopanga nafasi za ndani na za nje.

Jambo la kwanza linaloonekana katika nyumba ya mawe ni kwamba mtu hatoki barabarani akaingia chumbani moja kwa moja. Nje kuna baraza, yaani benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta, ambapo wapita njia na majirani hukaa kwa mazungumzo, kahawa au bao bila kumlazimu mwenye nyumba kuwafungulia mlango. Katika nyumba za Lamu mabenchi hayo huwa ndani ya daka, ukumbi mdogo wenye paa ulio mbele ya mlango mkuu, na baada ya mlango hufuata tekani, njia ya ndani inayopinda ili anayechungulia kutoka nje asiwaone walio ndani. Kisha hufunguka kiwanda, ua ulio wazi kwa juu na kuzungukwa na kuta, na kuanzia hapo vyumba virefu na vyembamba hufuatana hadi ndani kabisa, kila kimoja kikiwa na faragha na kivuli zaidi kuliko kilichotangulia. Wembamba huo haukuwa suala la ladha, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokiwekea chumba mpaka wa upana usiofika mita tatu.

Kiwanda hufanya kazi mbili kwa pamoja. Huleta mwanga katika nyumba iliyobanana na majirani pande zote, na tena huwa njia ya kutolea joto, kwa sababu hewa iliyopata moto hupanda na kutokea juu, nayo hewa iliyopoa katika vichochoro vyenye kivuli huvutwa ndani kupitia milango. Kuta nene, ambazo aghalabu hukaribia nusu mita, hulichelewesha jua la mchana lisifike chumbani mapema. Hata hivyo haifai kuzitukuza kuta hizo kupita kiasi, kwani mawe yaliyonyonya joto mchana hulirudisha usiku, na ndiyo maana nyumba nyingi za Lamu zina banda la makuti juu ya paa, jepesi na lililo wazi, mahali ambapo upepo wa kusi au wa kaskazi hupita na watu wakapumzika jioni. Nyumba moja basi ilikuwa na sehemu nzito kwa mchana na sehemu nyepesi kwa usiku, maarifa ambayo nyumba nyingi za sasa zimeyakosa.

Nyumba ya kawaida ya leo hupigwa na jua zaidi kupitia paa. Karibu na Ikweta jua la mchana hukaa karibu na utosi, kwa hiyo mabati hupokea joto kwa saa nyingi na kulishusha chumbani. Kabla ya kubadili samani, inafaa mwenye nyumba achunguze uwazi ulio kati ya mabati na dari: kama umezibwa pande zote, hewa ya moto hubaki humo na kuipasha dari mpaka usiku, lakini ukiachiwa matundu pande mbili zinazokabiliana, yaliyofunikwa kwa wavu wa kuzuia popo na ndege, joto hilo hupata pa kutokea. Rangi nyeupe juu ya paa nayo husaidia, kwa vile hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua badala ya kuunyonya. Madirisha yanahitaji hesabu kama hiyo. Dirisha moja pekee katika chumba halileti upepo hata likiwa kubwa, kwa kuwa hewa haiingii pasipokuwa na mahali pa kutokea, na wavu wa mbu, ambao pwani hauepukiki, hupunguza mwendo wake zaidi. Matofali ya matundu juu ya mlango au kwenye ukuta wa pili ni dawa ya bei nafuu. Kuhusu mbu, wajenzi wa Lamu walikuwa na mbinu yao: katika birika za maji za msalani walifuga samaki wadogo wanaokula viluwiluwi, na chini ya birika wakajengea bakuli la kauri ili samaki wasikose maji yanapopungua.

Nje ya nyumba ndiko makosa yanakofanyika kwa gharama kubwa zaidi. Varanda huzibwa kwa nondo na vioo ikageuka stoo, ukuta wa uzio hupandishwa hadi upepo ukatafuta njia nyingine, na ua wote husakafiwa kwa vitofali vya saruji, ambavyo mafundi huviita pevingi, vikapata moto kuliko udongo wenye majani na kuyasukuma maji ya masika kwa jirani. Ua mdogo hauhitaji mengi: mti mmoja wa kivuli upande wa magharibi, ambako jua la alasiri huipiga nyumba kwa mshazari, benchi la kujengea chini yake, sakafu ngumu kwenye njia tu, na sehemu inayobaki ikaachwa inywe maji. Mwarobaini hustahimili ukame na hutoa kivuli kizuri, ila usipandwe karibu na msingi wala shimo la maji taka, kwani mizizi hufuata unyevu.

Kwa mwenye nyumba ya mawe yenyewe, suala zito zaidi ni saruji. Chokaa ya asili hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe, ambayo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, hadi hewa ya ukaa itoke; chokaa hiyo huzimwa kwa maji, na ikishapakwa ukutani huinyonya tena hewa hiyo polepole na kuwa ngumu kama jiwe, huku ikibaki na vitundu vinavyouruhusu unyevu kutoka. Mawe ya matumbawe hunyonya maji yenye chumvi kutoka ardhini, na ukuta ukipigwa plasta ya saruji unyevu huo hukosa njia, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, nayo plasta huvimba na kumeguka pamoja na uso wa jiwe. Fundi anayerudia saruji kila baada ya miaka michache hutibu ugonjwa aliousababisha yeye mwenyewe. Plasta ya chokaa hutaka subira: ukuta hulowanishwa kwanza, tabaka hupakwa nyembamba nyembamba, kila moja ikikingwa na jua kali isikauke haraka, na chokaa nyeupe ya juu hupakwa upya mvua zinapoifubaza.